Divai Iliyochelewa

Somo: Yohana 2:1–11 na Yakobo 5:1–8





Habari ya arusi ya Kana tumeisikia mara nyingi, hasa siku za kufunga ndoa, hata wengine twadhani tumekwisha kuimaliza. Lakini katikati ya habari hiyo yamo maneno machache ambayo kwa kawaida tunayapita mbio. Yohana anatueleza kwamba mkuu wa meza alipoonja yale maji yaliyokwisha kugeuka divai, hakufahamu yametoka wapi. Waliofahamu ni watumishi, wale walioyateka kwa mikono yao. Basi mkuu wa meza akamwita bwana arusi, akamsifu yeye.

Angalieni vizuri jambo hilo. Mtu ameonja ladha ambayo hakuitazamia. Ametambua kwamba ni njema. Ulimi wake haukukosea. Lakini sifa ameipeleka pasipo pake. Bwana arusi hakufanya lo lote. Huenda hata habari kwamba divai imekwisha hakuwa nayo. Aliyetenda ni Yesu, na waliotoka jasho ni watumishi. Mwezi huu napenda tulitafakari jambo hilo moja. Kuonja ni rahisi. Kujua ladha imetoka wapi ni kazi nyingine, na mara nyingi wanaoijua ni wale wasioketi mezani.

NDOO ZA KANA

Mabalasi yalikuwa sita, yamechongwa kwa mawe. Kwa vipimo vyetu vya leo, wenye kuyachunguza Maandiko hukadiria kwamba kila balasi liliingia lita 80 hadi 120 hivi. Chukueni sasa zile ndoo zetu za lita 20. Ni ndoo nne hadi sita kwa kila balasi, yaani ndoo 24 hadi 36 kwa mabalasi yote sita, kama yalikuwa matupu. Na Yohana asema watumishi waliyajaza mpaka juu kabisa.

Akina mama wa Ipagala hawahitaji kuelezwa maana ya ndoo 30, hasa wale waliokuwa wasichana kabla mabomba hayajafika. Wageni walikuwa wakiimba, na watumishi walikuwa njiani, wanakwenda na kurudi. Tena hakuna aliyewaahidi divai. Waliambiwa wajaze maji, wakajaza. Walitii kwanza, wakaona baadaye. Ndiyo sababu wao walijua, na mkuu wa meza hakujua.

ZABIBU ZA KWETU

Sisi watu wa Dodoma tunayo sababu ya pekee ya kuielewa habari hii. Zabibu kwetu si tunda la kusoma katika kitabu tu. Mizabibu ililetwa na wamisionari wa Kanisa Katoliki huko Bihawana katika miaka ya 1950, na toka hapo ikaenea. Leo mnaikuta Hombolo, Mpunguzi, Veyula na Makutupora, ambako kiko kituo cha utafiti, na ambako aina moja ya zabibu nyekundu imepata jina lake. Ipagala yenyewe ilikuwa ni kijiji cha wakulima na wafugaji. Tangu ulipotolewa uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya Serikali Dodoma, mji umekuja kidogo kidogo ukatukuta tulipo, na wengi wenu sasa mna nyumba hapa na shamba mbali.

Nchi yetu mnaijua. Mvua ni milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, hupukutisha majani, na huzaa mara moja tu kwa mwaka. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Kinachouamsha ni mkasi. Mkulima akiisha kupogoa, matawi mapya huchipua, na baada ya miezi minne hivi huwa na zabibu za kuvuna. Kwa hiyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na mwezi wa Machi, na tena Agosti na Septemba.

Hiyo ni neema ya Mungu. Lakini ni taabu mara mbili vile vile: kupogoa mara mbili, kupiga dawa ya ukungu mara mbili, kufukuza ndege mara mbili, na kumngoja mnunuzi mara mbili. Na zabibu haina subira ya mtama. Mtama ukikauka utauweka ghalani, utakula, utauza mwakani. Zabibu ikiiva yahesabu siku.

NYUMBA MOJA YA JIRANI ZETU

Katika kuzuru nyumba kwa nyumba, mimi pamoja na wazee wawili wa kanisa tulifika kwa familia moja ya hapa kwetu. Sitaitaja, maana haikuomba kutajwa. Tulipiga hodi, tukaamkiana kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” tukakaribishwa uani. Wanalo shamba la mizabibu nje ya mji, na nyuma ya nyumba wana chumba kimoja cha kusindikia divai: mapipa machache ya plastiki, kitambaa cha kuchujia, na chupa zilizooshwa zimepangwa ukutani. Watenda kazi ni baba, mama, bibi na watoto. Nje ya hao hakuna mwingine.

Baada ya maombi mama alileta chupa moja, akasema, “Baba Mchungaji, onja hii, halafu uniambie ni kitu gani.” Nilionja kijiko kimoja. Divai za Dodoma nazifahamu kidogo, kwa kuwa twazitumia Mezani pa Bwana. Lakini hii sikuitambua. Ilikuwa nzito kama uji mwepesi, ina utamu wa asali, kisha nyuma ya utamu unakuja uchachu kama wa ukwaju. Mmoja wa wale wazee hajagusa kileo tangu siku alipookoka, naye hakuonja. Alinusa tu, akasema, “Mama, hapa umetia asali.”

Mama akajibu, “Asali sikutia, mzee. Wala sukari. Hizo ni zabibu tupu. Ladha hiyo ni ya kungoja.”

Ndipo baba akatueleza. Mwaka ule mnunuzi alikubaliana nao kwamba atakuja mwisho wa Agosti na gari lake. Kwa ahadi hiyo walikopa fedha za dawa, na kwa ahadi hiyo kijana wao aliandikishwa katika chuo cha ufundi. Agosti ikaisha. Wakapiga simu, wakaambiwa wangoje juma moja. Wakangoja, wakaambiwa jingine. Upepo wa kiangazi mnaujua. Zabibu zikaanza kunywea juu ya mti, zikakunjamana kama ngozi ya mzee, na watoto walishinda shambani tangu alfajiri kufukuza ndege. Juma la nne wakaambiwa kwamba zabibu za namna hiyo hazitakiwi tena.

“Siku hiyo tulilia,” alisema yule baba, “ndipo bibi akasema, haya, tukate tukamue, tusimwachie ndege.” Wakakata. Mazao ambayo yangejaza mapipa matatu yalitoa pipa moja, nalo halikujaa. Walikamua bila tumaini, ili isiwe hasara tupu. Baada ya miezi kadhaa mama alipohamisha divai kutoka chombo hadi chombo ili kuyaacha machicha chini, akaonja, akamwita mumewe, akamwita na bibi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameitazamia ladha ile.

KWA NINI IKAWA HIVYO

Wala si muujiza wa kuvunja kawaida ya maumbile. Zabibu ikibaki juu ya mti wakati wa kiangazi, maji yake hutoka polepole kwa jua na upepo, na kinachobaki ndani ni utamu na uchachu uliokusanyika pamoja. Huko Italia, karibu na mji wa Verona, wako wakulima wanaofanya hivyo kwa makusudi. Huvuna, kisha huzianika zabibu katika vyumba vyenye hewa kwa muda wa miezi mitatu hivi, hata zipoteze theluthi moja ya uzito au zaidi, ndipo huzikamua. Divai yake ni ya bei kubwa. Wao hufanya kwa hiari, wakijua watakachopata. Jirani zetu walifikishwa huko kwa kuachwa.

Hapa, ndugu zangu, ndipo mhubiri hushikwa na tamaa ya kumaliza upesi. Ningeweza kusema, “Mwaona? Mungu alimchelewesha mnunuzi ili awape divai njema,” na ninyi mkasema Amina, tukaenda nyumbani. Sitasema hivyo, kwa sababu si kweli. Divai ile ni tamu, na yule kijana bado yuko nyumbani. Nafasi yake chuoni ilichukuliwa na mwingine. Deni la dawa halikulipwa kwa pipa moja. Utamu wa divai haufuti ahadi iliyovunjwa.

Mungu anaweza kutoa jema mahali mwanadamu alipotenda baya. Yusufu alilijua hilo, akawaambia ndugu zake. Lakini Yusufu hakusema kwamba kumwuza kulikuwa si dhambi. Tusimtwike Mungu makosa ya wanadamu ili wanadamu wapate kulala usingizi. Yakobo mtumwa wa Bwana ananena juu ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa, kwamba unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Torati nayo iliagiza kwamba mtu maskini alipwe siku ile ile, jua lisije likachwa juu ya ujira wake, maana moyo wake unautegemea. Jua lilikuchwa mara nyingi juu ya shamba lile.

Yule mnunuzi simjui jina, wala sikuuliza. Huenda ni wa imani nyingine. Huenda ni Mkristo. Huenda anasoma ukurasa huu. Kama ndiye, namwambia kwa upendo: ndugu, mlango haujafungwa. Zakayo alisimama akaahidi kurudisha, na wokovu ukaingia nyumbani mwake siku ile. Na sisi wengine tusiseme, “Mimi si mnunuzi wa zabibu.” Nani kati yetu hajamwambia fundi, au kijana wa kuchota maji, au mama muuza mboga, “Njoo kesho”? Kwako ni neno dogo la kuahirisha. Kwake ni zabibu zinazonywea.

SIFA KWA ANAYESTAHILI

Narudi kwa mkuu wa meza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaa mbali na kisima. Akaonja, akafurahi, akamsifu aliyekuwa karibu yake na mwenye nguo nzuri. Sisi nasi twaweza kuishi namna hiyo. Tunakula ugali bila kumjua aliyelima. Tunanunua divai ya kitandani mwa mgonjwa, au ya kumtumia rafiki wa mbali kama zawadi ya Dodoma, tunasifu chupa na karatasi yake, na jina la shamba hatuulizi. Hata Mezani pa Bwana: tunapokea kikombe, twasema Amina, tukasahau kwamba kabla ya kuwekwa wakfu ilikuwa kazi ya mikono ya mtu aliyeinama juani Hombolo au Mpunguzi.

Katika sala zetu tunaitoa kwa Mungu kazi ya watu wake. Basi na tuwe na haya kuitoa kazi ambayo hatujailipa. Imempasa Mkristo kuwa kama wale watumishi, mtu anayejua imetoka wapi. Na mwenye kujua, shukrani yake ina njia mbili: kwenda juu kwa Mungu aliyegeuza maji, na kwenda kando kwa jirani aliyeyachota. Njia moja ikizibwa, na ya pili hukauka.

JUU YA KILEO

Najua liko swali moyoni mwa wengi. Wako watakaosema, “Mchungaji anatusifia pombe.” Sivyo. Dayosisi yetu imejengwa tangu 1927, na ndani yake umepita moto wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini katika Rwanda miaka ya 1930. Watu wengi walivunja vibuyu vyao siku walipotubu, kwa kuwa pombe ilikuwa imewavunja wao kwanza. Mzee yule aliyenusa bila kuonja ana ushuhuda wake, nami namheshimu kwa huo. Nyumba zilizobomoka kwa ulevi hapa Ipagala mwazijua kuliko mimi. Mtume Paulo asema ni vizuri kuacha hata kilicho halali kama kinamkwaza ndugu.

Lakini Paulo yeye yule asema asiyekula asimhukumu anayekula. Tusimtenge jirani kwa kuwa anaishi kwa mizabibu. Wako waliokwisha kuambiwa kwamba fungu lao la kumi ni chafu, na wengine walioliambia neno hilo wanapokea mshahara ambao hawajauchunguza unatoka wapi. Mzee yule alitufundisha njia. Hakuonja, wala hakusimama akaondoka. Alikaa, akanusa, akasikiliza habari yote mpaka mwisho, kisha ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi sikuwa nimeuliza: “Na kijana, mnamfanyaje?”

TUFANYE NINI?

Kwanza, wenye madeni ya watu tulipe. Kabla ya sikukuu ya mavuno kila mmoja aketi, ahesabu nani anamngoja. Sadaka ya mavuno iliyotolewa huku ujira wa mtu umezuiliwa ni bwana arusi kupokea sifa isiyo yake.

Pili, wakulima wa zabibu msiende mmoja mmoja. Mkulima mmoja akingojeshwa hana la kusema. Wakulima 40 wenye mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi wana sauti. Katika parishi hii wamo watu waliosoma sheria na hesabu. Wajitoe, wawasaidie kuandika mapatano hayo kabla ya kupogoa, si baada ya zabibu kuiva.

Tatu, habari ya yule kijana nimeileta mbele ya wazee wa kanisa bila kutaja jina la nyumba. Nafasi chuoni hufunguliwa tena mwakani. Yeyote anayeguswa amwone mtunza hazina wa parishi, atoe alicho nacho. Tusiseme tu “Tunawaombea.” Watumishi wa Kana hawakuyaombea mabalasi yajae. Walibeba ndoo.

SAA ILIYOKUWA HAIJAFIKA

Neno la mwisho. Mariamu alipomwambia Yesu kwamba divai imekwisha, alijibiwa kwamba saa yake haijafika bado. Katika Injili ya Yohana saa hiyo ni saa ya msalaba. Tangu Kana Bwana wetu alikuwa akingoja. Naye aliyewapa watu wa arusi divai iliyo njema kuliko yote, saa yake ilipofika na kiu kumshika, alipewa siki juu ya sifongo. Wageni walipata utamu. Yeye alipata uchachu. Hiyo ndiyo ladha ambayo mwanadamu hakuitazamia kabisa: kwamba Mungu mwenyewe angeonja kilichoharibika ili sisi tunywe kilicho chema.

Basi Jumapili tunapopiga magoti tukapokea kikombe, tujue imetoka wapi. Imetoka kwa Kristo aliyengoja mpaka saa yake, akatoa. Na anayejua hivyo hawezi kufuta midomo, akainuka, akaenda zake kama mkuu wa meza. Ataulizia waliochota maji.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe uliyegeuza maji ya watumishi kuwa furaha ya arusi, utupe macho ya kuwaona wanaotoka jasho kwa ajili yetu. Uwakumbuke wakulima wa nchi hii kavu, walio shambani na wanaongoja njiani. Uwafariji waliovunjiwa ahadi, na kuwageuza mioyo waliozivunja. Utulinde na ulevi, utulinde na kiburi cha kuwahukumu wengine. Na siku utakapotuketisha katika karamu ya Mwanao, utujalie kuwakuta huko wale wote tuliowasahau hapa, wala tusiaibike mbele yao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mchungaji wenu